Sura ya Saba: Friji Korongoni

Mkaguzi Nawfa alisimamisha tangazo kwenye simu kwa kidole gumba, akainua macho kulinganisha. Ufa kwenye mwamba ni ule ule. Mtini uliojishikiza juu ya ufa ni ule ule. Hapo hapo alipochuchumaa ndipo, katika tangazo, friji jeupe la milango miwili lilipokuwa limesimama peke yake katikati ya jangwa, mwanamke wa gauni la kijani akalifungua, akatoa kipande cha tikiti maji na kuking'ata huku amefumba macho. Sekunde arobaini, basi. Tangu Idi ianze nchi nzima ilikuwa imelitazama tangazo hilo, na nusu ya nchi ilikuwa imewaka kwa hasira.

Iliwaka kwa sababu. Hili lilikuwa Korongo la Mbuzi, kanda iliyofungwa ya Hifadhi ya Wadi Sidra, na humu ndimo mbuzi wa majabali wanamozalia. Mtalii haingii. Mpiga picha za biashara haingii ila awe na kibali maalumu kutoka Amman, na ofisi ya hifadhi ilikuwa imepekua makabati yote bila kukiona. Ofisi ya Amman ilikuwa imefungwa kwa Idi mpaka Jumapili. Kampuni ya Kairo iliyotengeneza tangazo haikupokea simu. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mwisho alasiri," Mhandisi Nizar, mkuu mpya wa hifadhi, alikuwa amemwambia asubuhi bila hata kuketi. "Baada ya hapo napeleka jina kwa mwendesha mashtaka. Watu wanataka jina, afande."

Jina mkuu huyo alikuwa nalo tayari mdomoni: Swailem, baba yake Dahham, mlinzi wa kanda hii kwa miaka ishirini na sita, amebakiza miwili astaafu. Akipelekwa kwa rushwa, unga umemwagika, na kiinua mgongo nacho. Tena kwa watu wa huku hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba jina lake lisingetajwa tena kwenye kikao chochote, kuanzia hapa mpaka Maan, bila watu kutazamana.

Nyuma yake Mutlaq alikuwa anazungusha funguo za gari kidoleni. Huyu alikuwa dereva wa watalii, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye masharubu anayoyatunza kuliko gari lake. Ndiye aliyemleta Nawfa mpaka hapa, na ndiye shahidi pekee.

"Afande, unatafuta nini tena?" alisema. "Friji limeonekana, korongo limeonekana. Kilichobaki ni pingu."

"Pingu nimezisahau Akaba. Hebu niambie upya habari ya bahasha."

"Nimeshasema mara tatu!"

"Ya nne ndiyo tamu."

Mutlaq alicheka. "Haya. Ile Jumanne, wiki tatu zilizopita, adhuhuri haijafika. Napita barabara ya chini na wageni wangu. Lori la Wamisri limeshawashwa. Yule mnene wao, kiongozi, anamnyooshea Swailem bahasha ya kaki, nene hivi. Swailem akatoa mkono. Sasa unataka rushwa ya namna gani, yenye utepe mwekundu?"

"Uliiona ikiingia mfukoni?"

"Nilikuwa naendesha, sikuwa kwenye sinema."

"Alitoa mkono upi?"

Mutlaq aliacha kuzungusha funguo. Alifumba jicho moja, akijaribu kukumbuka. "Wa kushoto."

"Una hakika?"

"Wa kulia alikuwa ameuweka kifuani, hivi, kama mtu anayeaga." Akaonyesha, kiganja kwenye moyo.

Nawfa aliandika *kushoto* kwenye daftari, akapiga mstari mara mbili. Kisha akarudi kwenye mchanga.

Upepo haufiki ndani ya korongo, kwa hiyo mchanga ulikuwa bado unahadithia. Mashimo matatu madogo yalikuwa yamefukiwa na kusawazishwa kwa mkono. Hapo palikuwa na miguu ya kamera. Alama pana ya kifua na magoti ilionyesha ngamia alipopigishwa magoti, na mbele yake palikuwa na mistatili minne, nyayo za friji. Mawe yaliyosogezwa yalikuwa yamerudishwa, upande usioona jua chini kama yalivyozoea. Hapakuwa na kisoda, hapakuwa na kichungi cha sigara, na Wamisri tisa kukaa siku nzima bila kuacha kichungi cha sigara ni jambo la kuandikwa.

Kilichomsumbua ni matairi. Mistari miwili iliingia korongoni kama mita mia mbili, ikageuka, ikatoka. Gari ndani ya kanda iliyofungwa, hilo peke yake lingemmaliza mzee. Nawfa aliifuata mistari hiyo ameinama mpaka mahali ilipopita juu ya shimo moja lililofukiwa, na hapo akapiga goti. Kila baada ya hatua mbili tairi la kushoto liliacha pengo, kama jino lililong'oka.

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye gari la Mutlaq, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma.

"Tairi lako limenyofoka."

"Jangwa hilo, afande. Mawe."

"Na mule ndani limenyofoka vile vile. Juu ya shimo la Wamisri. Uliingia baada yao."

Masharubu ya Mutlaq yalishuka kidogo. "Wageni walitaka kuwaona mbuzi. Mara moja tu, wallahi. Dakika tano."

"Na ukaona afadhali watu wamtazame Swailem."

"Bahasha sikuitunga!"

"Najua. Ndiyo maana bado naongea na wewe vizuri. La kwako lina siku yake." Alifungua faili, akatoa fomu ya masharti inayobandikwa kwenye kila kibali cha kupiga picha, akaanza kupiga alama kwa penseli. "Gari lisivuke mstari wa mawe: hawakuvuka. Vifaa vizito vibebwe na mnyama: ngamia. Mashimo yafukiwe, mawe yarudishwe: tayari. Droni marufuku. Tazama tangazo, picha zote zimepigwa kutoka chini. Kivuli cha mwisho ni cha saa kumi, maana yake waliondoka korongoni kabla jua halijazama, sharti la sita."

"Basi walikuwa wezi wastaarabu."

"Umewahi kuona mwizi anayevua viatu mlangoni?" Nawfa alifunga faili. "Kikosi kizima kimefuata masharti ya karatasi tunayoambiwa hawakuwa nayo. Walikuwa nayo, Mutlaq. Kibali kipo. Twende kwa mzee."

Alihisi kitu kikilegea mabegani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini saa ilikuwa nane kasorobo.

Hema la Swailem lilikuwa mdomoni mwa korongo, limefunguliwa upande wa mashariki. Mzee mwenyewe alikuwa ameshamimina kahawa kabla gari halijazimwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na sare ya hifadhi ilimkaa kama iliyoanikwa kwenye kamba. Alimpa Mutlaq kikombe kama alivyompa Nawfa, ingawa alijua fika nani aliyemsema.

"Baba Dahham," Nawfa alianza baada ya kikombe cha pili, "Wamisri wale walifika lini?"

"Walikuwa wageni wangu."

"Sijauliza walikuwa nani. Nimeuliza lini."

"Jumamosi. Baada ya magharibi. Kulikuwa na vumbi, lori limezama."

"Ukawapeleka wapi?"

"Mtu huwapeleka wapi wageni?" Mzee alimtazama kama anayemwonea huruma. "Nikachinja."

"Walikuonyesha kibali?"

"Hapana."

"Uliwaomba?"

"Hapana."

"Wewe ni mlinzi wa kanda, mzee wangu. Miaka ishirini na sita. Mtoto mchungaji akipita hapa unamwuliza anakwenda wapi. Watu tisa na friji hukuwauliza?"

Swailem aliufuta mdomo wa birika kwa kitambaa, taratibu. "Andika hivyo hivyo, binti yangu. Sikuwauliza. Waliomba ngamia nikawapa. Kosa ni langu, wageni wasitajwe."

Mutlaq alikohoa. Nawfa hakumjali. Alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya daftari. Jumamosi magharibi mpaka Jumapili, moja. Jumatatu, mbili. Jumanne kabla ya adhuhuri, haijatimia tatu. Alikuwa amekulia Maan mjini, lakini bibi yake alikuwa wa hema, na hesabu hii alifundishwa kabla ya ile ya shule: mgeni haulizwi shida yake mpaka zipite siku tatu na theluthi. Kabla ya hapo, kumwuliza umekuja na nini ni kumwambia toka.

"Waliondoka kabla hujapata ruhusa ya kuuliza," alisema.

Birika lilitulia mkononi mwa mzee.

"Na walipoaga, yule mnene akakupa bahasha. Ukatoa mkono wa kushoto."

"Nani amesema?"

"Huyu." Akamwonyesha Mutlaq kwa kalamu. "Ameona kwa macho yake, ila hakuelewa alichokiona. Hakuna mtu wa huku anayepokea kitu kwa mgeni kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ni wa kusukuma. Uliikataa."

"Ningeifanya nini?" Sauti ya Swailem ilipanda ghafla, akasahau kwamba yuko kwenye mahojiano. "Nimchinjie mtu, alale kwangu, halafu anilipe kama hoteli ya Akaba? Akafungua mdomo kunieleza, nikamwambia usilitamke! Nikamgeuzia mgongo. Mpaka leo roho inaniuma, nilimuaga mgeni vibaya."

Mutlaq alitazama kikombe chake. "Lakini mimi nilidhani..." alisema, akakiweka chini.

"Ndani ya bahasha kulikuwa na nini, mzee?"

"Pesa! Bahasha ya kuaga huwa na nini?"

"Uliziona?"

Swailem alitikisa kichwa. Nawfa aliinuka, akaelekea kwenye pazia linalotenga upande wa wanawake. Wanaume waliomtangulia kwenye faili hili walikuwa wameishia hapo, na wasingeweza kwenda mbele hata wangekuwa na hati kumi. Yeye alivua viatu akaingia.

Hamda, mama yake Dahham, alikuwa ameketi juu ya rundo la magodoro, anakanda unga kwa nguvu isiyohitajika. Macho yake yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi.

"Karibu, mwanangu. Chai?"

"Baadaye, mama. Bahasha iko wapi?"

Mikono ilikwama kwenye unga. "Bahasha gani?"

"Mama Dahham. Mgeni akikataliwa na mwenye nyumba, haondoki na shukrani yake. Anamtafuta mke. Hata bibi yangu alikuwa akifanyiwa hivyo."

Mwanamke alitazama pazia, kisha akasogea mpaka magoti yao yakagusana. "Sikuipokea," alinong'ona. "Aliiweka hapo, juu ya kinu cha kahawa, akakimbilia lori kama mtu aliyeiba. Anamwogopa mume wangu! Nikasema watapita tena, nitamrudishia. Sikuifungua. Ukifungua, umepokea. Halafu ndiyo haya yakaanza, polisi, rushwa, bahasha, bahasha. Nikasema nikiitoa nimemfunga kwa mikono yangu. Nikiichoma, nimechoma mali ya mgeni. Wiki nzima sijala kitu kikashuka."

"Iko wapi?"

"Naikalia."

Alijisogeza, akapeleka mkono kati ya godoro la tatu na la nne, akatoa bahasha ya kaki iliyobapa kwa uzito wa magodoro na wa mwenyewe. Nawfa alivaa glavu, akaigeuza. Gundi ilikuwa haijaguswa. Alipitisha kisu cha mfukoni. Mama Dahham aliufunika uso kwa mikono yenye unga.

Hazikuwa pesa. Zilikuwa karatasi tano zenye muhuri, na juu kabisa maneno meusi mazito: KIBALI MAALUMU CHA KUPIGA PICHA ZA BIASHARA, KANDA ILIYOFUNGWA. Namba, tarehe, majina ya watu tisa, friji moja, ngamia mmoja. Sharti la kumi na moja lilikuwa limezungushiwa wino wa bluu na mtu makini: *Nakala halisi akabidhiwe mlinzi wa kanda.*

Nawfa alisoma mara mbili, kisha akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama, fungua uso. Yule mnene hakuwa analipa. Alikuwa anafuata sheria. Hiki ni kibali. Mumeo alikikataa kibali!"

Mama Dahham aliondoa mikono. Uso wake ulikuwa mweupe wa unga, na machozi yakachimba mistari miwili humo. "Mpumbavu," alisema kwa mapenzi yasiyofichika. "Miaka thelathini na moja naishi na mpumbavu. Alhamdulillahi."

Gari lilinguruma nje. Mhandisi Nizar hakuwa amesubiri alasiri ofisini, alikuwa ameifuata. Kwa uwazi wa pazia Nawfa alimwona akishuka na koti na tai, akisita mbele ya zulia, akivua viatu. Alikuja kuchukua redio na kitambulisho cha mlinzi, na kwa hilo alihitaji kwanza kusema. Lakini Swailem alimkalisha, akamwekea mto, akamimina. Kikombe cha kwanza. Mzee akauliza habari za mvua za Amman. Cha pili. Akauliza afya ya baba yake mhandisi. Cha tatu, na Mutlaq naye akaingilia habari za mpira. Mhandisi alikuwa anajibu huku jasho likimtoka, na kila alipofungua mdomo kusema lililomleta, alikuta kikombe kiko kwenye midomo.

Nawfa alitoka, akaweka karatasi tano juu ya zulia, mbele yake.

Mhandisi alizisoma zote. Alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa mtu mbaya, na hilo lilionekana jinsi mabega yake yalivyoshuka alipofika kwenye saini. "Huyu ni mkuu aliyenitangulia," alisema. "Aliisaini chini ya muhuri wa Amman siku tatu kabla sijaripoti. Sasa mbona nakala ya ofisi..."

"Alikukabidhi nini, mhandisi?"

"Funguo. Muhuri. Sanduku la mafaili ambalo sija..." Alijishika paji la uso. "Lipo chini ya dirisha. Nimeweka jiko la chai juu yake."

Hakuna aliyecheka kwa sekunde mbili nzima. Kisha Mutlaq alishindwa, na mhandisi mwenyewe akafuata. Swailem peke yake hakucheka. Alikuwa amegeukia pazia.

"Uliipokea?"

"Sikuipokea!" ilijibu sauti ya mkewe. "Niliikuta!"

"Mzee Swailem." Mhandisi alikuwa amekaa sawa, amejirudishia cheo. "Kesi imekwisha. Leo hii nitaandika, na nitatangaza mimi mwenyewe kwamba kibali kilikuwapo. Jina lako ni safi. Lakini hapa panatakiwa saini ya mlinzi kabla ya kupiga picha, na pako wazi."

"Hilo ni kosa langu," alisema Swailem. "Liandike."

"Nitaliandika, onyo moja. Ila kuanzia leo, kila atakayefika hapa utamwomba kibali. Mara anaposhuka garini."

"Baada ya siku tatu na theluthi."

"Mara anaposhuka garini!"

"Mhandisi," mzee alisema kwa upole, "umekaa kwangu saa nzima. Nimekuuliza umekuja na nini?"

Mhandisi Nizar alifungua mdomo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti. Pembe ya bahasha nyeupe ilikuwa imechomoza hapo tangu alipoketi. Kila mtu alikuwa ameiona, na mwenye nyumba alikuwa wa kwanza kuiona. Alikuwa amemmiminia vikombe vitatu mtu aliyebeba barua ya kumfukuza kazi, na alikuwa anakoroga makaa kwa ajili ya cha nne.

"Siwezi, mhandisi," alisema Swailem. "Nifukuze tu. Kumwuliza mgeni siwezi."

Nawfa alijua mhandisi angeweza kusema ndiyo, na kwa sheria angekuwa sahihi.

"Nitauliza mimi!"

Pazia lilifunguka. Mama Dahham alisimama hapo, uso bado una unga, mikono kiunoni. "Mwenyeji ni yeye. Aibu ni yake. Mimi ni mpishi, na mpishi lazima ajue anawapikia akina nani. Lori likisimama, yeye atamimina kahawa, mimi nitachungulia hapa na kusema, karatasi iko wapi? Hata kwa wafalme nitasema. Itakufaa, mhandisi?"

Mhandisi alimtazama Nawfa. Nawfa aliinua mabega. Hakuna sharti lililokataza.

"Itanifaa," alisema mhandisi.

"Basi tuanze na wewe, mwanangu. Hiyo ya mfukoni ni ya nini?"

Mhandisi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliitoa bahasha, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Dahham hakujua kusoma, akampa Nawfa. Nawfa aliifungua, akasoma mstari wa kwanza, akaikunja tena.

"Inasema haina kazi tena, mama."

Swailem alikuwa amevuta kilemba mpaka machoni, na mabega yalikuwa yanatikisika. Hakuna aliyemwangalia kwa muda mrefu, kwa adabu.

"Vizuri," alisema Mama Dahham, akaichukua barua, akaichomeka kwenye moto wa kuokea mkate. "Sasa umeshakuwa mgeni. Kaa ule."